Kifaru cha Mwaka 1916 kwa Karatasi ya Manila: Jinsi ya Kuunda na Kuonyesha Modeli ya Mark I

Vifaru vya kwanza vya vita havikuwa na umbo la kumtisha fundi. Mark I ya Waingereza, iliyoingia vitani kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916 kati ya Flers na Courcelette, kaskazini mwa Ufaransa, ilikuwa kimsingi sanduku la mabamba bapa ya chuma yaliyoshikanishwa kwa ribiti, na deraya yake ilikuwa na unene wa milimita 6 hadi 12 tu. Gawanya 12 kwa 35, ambayo ndiyo skeli inayopendwa zaidi na waundaji wa modeli za kijeshi, nawe utapata theluthi moja ya milimita, unene ambao haupishani sana na ule wa karatasi nzito ya manila inayouzwa katika duka lolote la vitabu kuanzia River Road hadi Kawangware. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niache kusubiri vifurushi kutoka ng'ambo na kuanza kukata kifaru changu mwenyewe mezani, na ndiyo sababu mwongozo huu unashughulikia gari hilo moja badala ya kupitia magari yote ya enzi hiyo kijuujuu.

Sisemi kwamba modeli za plastiki za kuunganisha ni mbaya. Takom wametengeneza Mark I katika skeli ya 1:35, Meng wana Renault FT, kifaru cha Wafaransa, yenye injini na viti vyake ndani, Tamiya wana Mark IV inayotembea kwa mota ndogo, na Airfix wana Mark I ya 1:76 ambayo imewafunza kazi hii watu wengi tangu miaka ya 1960. Tatizo kwa mkazi wa Nairobi ni kwamba usafiri na ushuru huweza kuzidi bei ya sanduku lenyewe, na kwamba rangi na gundi zinazoshika moto hazikubaliwi kirahisi kwenye mizigo ya ndege, hivyo hata aliyenunua plastiki hubaki akitafuta nusu ya mahitaji yake hapa mjini. Mimi niliwahi kununua sanduku lililokwisha kufunguliwa kutoka kwa muuzaji mmoja, nikakuta mnyororo wa upande mmoja haumo. Mnyororo niliouunda kwa manila kujaza pengo hilo ulipendeza kuliko ule wa plastiki, na hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kwa nini nisiunde gari zima.

Kuhusu jina, Waingereza waliliita gari hilo tangi ili kuficha siri, watu wadhani kinachoundwa ni vyombo vya kubebea maji. Ukiyatazama mapipa meusi yaliyopangwa juu ya paa za Nairobi utaelewa hila yao, lakini Kiswahili kilipochagua neno kifaru kilitazama ngozi nene na mwendo wa mnyama, na nadhani kilichagua vizuri zaidi.

Vipimo na mchoro

Mark I ilikuwa na urefu wa mita 8.05 bila mkia, na mita 9.9 ukihesabu mkia wenye magurudumu mawili uliowekwa nyuma ili kusaidia kupiga kona. Upana wake, pamoja na vibanda vya mizinga vilivyotokeza ubavuni, ulikuwa mita 4.19, na kimo chake mita 2.44. Katika skeli ya 1:35 vipimo hivyo vinakuwa milimita 230 bila mkia, 283 pamoja na mkia, 120 kwa upana na 70 kwa kimo. Mnyororo, uliokuwa na upana wa takriban sentimita 52, unakuwa milimita 15.

Tafuta kwenye intaneti mchoro unaoonyesha gari kutoka ubavuni, juu, mbele na nyuma, kisha upeleke kwenye saiba ukachapishwe. Hapa ndipo wengi hupotea. Mashine ya kuchapisha, isipokatazwa, hupunguza mchoro ili uenee ndani ya ukingo wa karatasi, na utajikuta umeunda kifaru cha skeli ya 1:38 ambacho hakilingani na sanamu yoyote ya askari uliyonayo. Mwombe mhudumu achapishe kwa asilimia mia moja, na kabla hujalipa weka rula juu ya karatasi na uhakikishe kwamba mwili una milimita 230 kamili. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, kwa hiyo mwili unaenea vizuri ukilazwa, ila mkia ni salama zaidi ukichapishwa kwenye karatasi yake yenyewe.

Vifaa vingine ni vya kawaida: rula ya chuma, kisu chembamba chenye makali ya kubadilisha, kibano kidogo, msasa laini, gundi nyeupe ya seremala, supaglu kidogo, na kadibodi ngumu ya kijivu ya unene wa milimita 2, ya aina inayowekwa nyuma ya kalenda za ukutani. Usitumie gundi ya kupika kwa unga wa ngano, hata kama ndiyo uliyoizoea tangu shuleni. Mende na panya wataila, nao hawataacha manila iliyoshikamana nayo.

Mwili

Umbo la Mark I ni kama msambamba ulioinuliwa mbele, kwa kuwa mnyororo ulipaswa kuzunguka mwili mzima ili gari liweze kupanda ukuta wa handaki. Kila upande ni sanduku jembamba linalojitegemea, nalo lina bamba la nje, bamba la ndani, na nafasi ya mnyororo katikati yake. Kati ya masanduku hayo mawili ndipo kinapokaa chumba cha askari wanane, injini ya Daimler ya nguvu farasi 105 ikiwa pamoja nao bila ukuta wowote wa kuwatenganisha na joto na moshi wake.

Anza na mifupa. Kata kadibodi ya kijivu kwa umbo la ubavu mara nne, ukipunguza milimita moja kuzunguka ukingo wote ili kuacha nafasi ya manila itakayofunika juu yake. Unganisha kila jozi kwa vipande vya kadibodi vilivyosimamishwa katikati kama vidaraja, kila baada ya sentimita 3 hivi, na uhakikishe kwa pembemraba kwamba havijainama. Kisha unganisha masanduku mawili kwa sakafu, paa na kuta za mbele na nyuma, ukisoma upana wa chumba kwenye mchoro wako. Lilaze umbo lote juu ya kioo au kigae kilicho sawa, liwekee vitabu vizito, na uliache usiku kucha. Katika miezi ya mvua za masika, na pia katika baridi ya Julai ambapo jua la Nairobi huadimika, usiku mmoja hautoshi. Kadibodi hunywa unyevu wa hewa na kujikunja hata baada ya gundi kuonekana imekauka, nami huiacha chini ya uzito kwa siku tatu.

Usibandike manila bado.

Ribiti

Sehemu hii ndiyo inayotofautisha kifaru na boksi la viatu lililopakwa rangi, na ndiyo inayohitaji subira kuliko nyingine zote. Kichwa cha ribiti chenye upana wa sentimita 2 kikipunguzwa mara 35 kinakuwa zaidi kidogo ya nusu milimita, na vichwa hivyo vimepangwa kwa mamia kando ya kila ukingo wa kila bamba. Jicho la mtazamaji halitavihesabu, lakini litagundua papo hapo mstari uliopinda au nafasi zisizolingana.

Njia ninayoipenda ni kuvibonyeza kutoka nyuma ya manila kabla ya kukata bamba. Tandika manila juu ya soli ya kandambili kuukuu, ambayo ina ulaini unaofaa: inakubali kubonyea bila kuruhusu karatasi itoboke. Kwa kubonyeza, tumia kalamu ya bairo iliyokwisha wino, au ncha ya bikari uliyoisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka ikawa butu. Ili nafasi zilingane, fundi cherehani yeyote anaweza kukuazima lile gurudumu dogo lenye meno linalotumika kuhamishia alama za kukatia kwenye kitambaa. Lipitishe polepole kando ya rula, nalo litakuachia vidoto vilivyopangika, kisha wewe ubonyeze juu ya kila kidoto, au kila cha pili, kulingana na mchoro.

Kwa sababu unabonyeza kutoka nyuma, mchoro wako sharti uwe umegeuzwa kama unavyoonekana kwenye kioo, kushoto kuwe kulia. Nilisahau jambo hili katika kifaru changu cha kwanza, nikamaliza jioni mbili nikibonyeza bamba la ubavu wa kushoto, nikapata mabamba mawili mazuri sana ya ubavu wa kulia.

Ukishamaliza bamba, paka upande wa nyuma vanishi nyepesi au tone la supaglu lililosambazwa kwa kijiti, ili vichwa vigande na visibonyee utakapolishika. Hapo ndipo ukate na kulibandika juu ya mifupa kwa gundi nyeupe kidogo sana, ukilikandamiza kwa pamba na si kwa kidole. Katika pembe ambazo huwezi kufikia kutoka nyuma, dondosha gundi nyeupe kwa ncha ya sindano, tone moja kwa kila ribiti. Gundi hiyo husinyaa inapokauka, kwa hiyo dondosha kubwa kidogo kuliko unavyotaka. Fanya kazi hii asubuhi, macho yakiwa bado hayajachoka na mwanga wa dirishani ukiwa wa upande, kwa kuwa taa ya dari huficha vivuli na ribiti huonekana kwa vivuli vyake tu.

Minyororo, vibanda na mizinga

Viungo vya mnyororo wa Mark I vilikuwa mabamba ya chuma yenye ukingo mmoja uliokunjwa kidogo, na hii ni bahati kwa anayetumia karatasi. Kata mistari ya manila yenye upana wa milimita 15, ikate tena kuwa viungo kulingana na kipimo cha mchoro, kunja ukingo mmoja wa kila kiungo kwa rula, kisha vibandike kimoja kimoja juu ya utepe mwembamba wa kitambaa. Pima mzunguko wa mwili kwa uzi kabla ya kuanza ili ujue utahitaji viungo vingapi, na uongeze vitano. Mnyororo ukishapakwa rangi ya chuma cheusi, sugua kingo zake kwa penseli laini, nao utang'aa kama chuma kilicholika kwa mawe.

Waingereza waliunda Mark I za aina mbili na kuziita dume na jike. Dume alibeba mizinga miwili ya milimita 57, mmoja kila ubavu, na jike alibeba bombomu tu. Napendekeza dume, kwa sababu mizinga yake mirefu ndiyo inayoipa modeli sura yake. Mrija wa wino wa bairo una unene unaofaa kwa mtutu. Tundu la mdomo lingepaswa kuwa na upana wa milimita 1.6, kwa hiyo ongeza pete nyembamba ya karatasi ndani yake. Mizinga hiyo mirefu iliwapa taabu wenyewe, kwa maana ilikwama ardhini na kugonga miti gari lilipoyumba, na katika Mark IV ya 1917 ikafupishwa. Ukitumia picha za Mark IV kuunda Mark I utakosea hapo hapo, na pia utasahau mkia, ambao Mark IV haikuwa nao.

Unda vibanda vya ubavuni kama visanduku vinavyojitegemea na uvibandike baada ya kupaka rangi. Vibanda halisi navyo viling'olewa gari liliposafirishwa kwa reli, kwa kuwa upana wake ulizidi nafasi ya njia, basi hakuna ubaya ukionekana mshono mwembamba.

Mark I kadhaa zilifungwa juu ya paa fremu ya mbao yenye wavu wa waya, iliyoinuka kama paa la nyumba ili guruneti zibingirike na kuanguka chini. Fremu iunde kwa vijiti vya kuchokolea meno. Wavu, kata kwenye neti ya mbu iliyochakaa, ukitafuta ile ambayo matundu yake yana pembe sita, kwa sababu katika skeli hii inafanana mno na waya wa banda la kuku.

Rangi

Karatasi isiyokingwa hufura inapoguswa na rangi ya maji. Kwa hiyo paka kwanza praima ya kijivu ya kopo la kupuliza, ambayo utaipata katika maduka ya rangi za magari upande wa Kirinyaga Road au kwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaani kwako. Pulizia nje, ukiwa umefunika pua na mdomo, kwa mipito mepesi mitatu na si mmoja mzito, kisha subiri siku nzima.

Mark I za Septemba 1916 zilipakwa mabaka ya kuficha yaliyobuniwa na mchoraji Solomon J. Solomon, mabaka ya kijani, kahawia na rangi hafifu, yakiwa yametenganishwa kwa mistari myeusi. Rangi za akriliki za maduka ya vifaa vya sanaa zinatosha. Zipunguze nguvu kwa tone la kijivu katika kila rangi, kwa kuwa kitu kidogo kilichopakwa rangi kali huonekana kama kichezeo. Picha za wakati huo hazina rangi, nao wachoraji wa leo hawakubaliani kuhusu kila baka, kwa hiyo usijisumbue kutafuta mpangilio mmoja ulio sahihi. Kosa moja tu halina udhuru: mistari myeupe, myekundu na myeupe mbele ya gari ni alama ya 1918, iliyowekwa kwa sababu Wajerumani walikuwa wakitumia vifaru walivyoviteka, na haina nafasi kwenye Mark I ya Flers.

Ukitaka kulipa gari lako jina, chagua lililoandikwa katika historia. Magari ya kikosi D yalipewa majina yanayoanza kwa herufi hiyo, na D17, iliyoitwa Dinnaken, ndiyo iliyopita ndani ya kijiji cha Flers asubuhi ile.

Tope

Kifaru kisicho na tope hakijatoka kiwandani, na mtu wa Nairobi, akitafuta tope, huchota udongo mwekundu nje ya mlango wake. Nami nilifanya hivyo. Matokeo yalikuwa gari lililoonekana limetoka kukwama Dagoretti, na si Somme, eneo la Ufaransa kilipo kijiji cha Flers. Ardhi ya Somme ina chokaa nyingi, na tope lake likikauka huwa jeupe lenye kijivu na ukahawia kidogo. Saga chaki ya ubaoni, changanya na jivu la mkaa lililochekechwa, na uongeze udongo kiasi cha kutia rangi tu. Ule udongo mweusi wa Embakasi na Syokimau unakaribia zaidi tope zito la Ypres nchini Ubelgiji, ambako vifaru vilizama mwaka 1917, lakini hilo ni tope la Mark IV.

Udongo wowote utakaoutumia, upitishe kwenye chujio la chai, kisha uukaange kwenye sufuria kuukuu kwa dakika chache ili kuua mayai ya wadudu na ukungu. Changanya na gundi nyeupe iliyotiwa maji na uupake kwa brashi kuukuu mahali ambapo mnyororo ungeurusha, yaani ndani ya minyororo, chini ya vibanda na kwenye magurudumu ya mkia. Paa liache likiwa na vumbi tu. Wengi hupaka tope kila mahali na kufunika ribiti zote walizoziumba kwa wiki mbili.

Kuonyesha

Kitako cha mbao cha milimita 360 kwa 200 kinatosha, na mafundi wa samani wa Ngong Road au Gikomba huwa na vipande vya kubaki vinavyofaa. Mark I iliweza kuvuka handaki la upana wa takriban mita 3.5, ambalo katika skeli yetu ni milimita 100, kwa hiyo unaweza kuchonga handaki la upana huo katika povu gumu la kufungia vyombo vya umeme na kulifunika kwa jasi, pua ya kifaru ikiwa imetangulia hewani. Weka karibu yake sanamu ya askari mmoja mwenye kimo cha milimita 49. Bila mtu, mtazamaji hana namna ya kujua kwamba anatazama gari la tani 28.

Kwa sanduku la kioo, mpe fundi wa vioo orodha hii ya kioo cha milimita 3: vipande viwili vya 360 kwa 140, viwili vya 194 kwa 140, na kimoja cha 360 kwa 200 cha juu. Vile vya 194 vinakaa ndani ya vile virefu, ndiyo sababu vimepungukiwa na milimita 6. Unganisha kwa silikoni isiyo na rangi. Ndani, pembeni, ficha vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe kabla ya masika na kabla ya vuli. Usiliweke dirishani, kwa maana jua la mji ulio juu ya mita 1,600 hufifisha rangi na kukausha gundi.

Kwenye kibandiko andika jina la gari, tarehe, mahali na skeli. Mimi huongeza mstari mmoja, kwa sababu kila mgeni huuliza kama vifaru hivi viliwahi kufika huku. Havikufika. Vita vya Afrika Mashariki vilibebwa kwa migongo ya wapagazi, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililobaki Nairobi likiitwa Kariakor.

Ukilazimika kusafirisha modeli, kaza kifaru kwenye kitako kwa skrubu mbili kutoka chini, na ubebe kioo peke yake kikiwa kimefungwa kwa blanketi. Ndani ya matatu, ketia kiti cha mbele na uipakate, na utingo akijitolea kuiweka buti, mlipe nauli ya kiti cha pili.